Siku Amuron Alipoziba Mdomo

Pale Malaba, foleni ya malori inapoanza kujikunja kuelekea mpakani, madereva wana ramani yao ambayo serikali haina. Watakuambia: pita mafundi wa magurudumu, pita wauza laini za simu, ukisikia mwanamke anagombana na sufuria, umefika kwa Volkano. Ingia ukae. Maharagwe ya hapo huyapati kwingine.

Jina hilo Amuron hakulipenda, lakini angelikanaje? Mtu ambaye kabla jua halijachomoza ameshamkemea muuza mkaa, kuku wa jirani, redio na mvua! "Wewe dereva, unakula samaki ukiangalia simu, unataka mwiba ukupeleke kwa Mungu na bando haijaisha?" Ndivyo alivyoongea na wateja. Akishamaliza kukukemea anakuongezea supu bila kuulizwa, kisha anakukemea upya kwa kuiacha ipoe. Wageni walishtuka siku ya kwanza, na siku ya pili wakarudi.

Sasa wiki hiyo Amuron alikuwa kimya. Si kimya cha mtu aliyelala, la, kimya cha mtu anayebana kitu. Dereva mmoja wa Kampala, aliyezoea kufokewa kidogo ndipo chakula kishuke, alimtazama kwa huruma.

"Nyabo, mama yangu, unaumwa?"

Amuron akatikisa kichwa.

"Nani amekufa?"

Akatikisa tena. Dereva akala nusu, akaondoka na wasiwasi wake. Yeye Amuron alirudi jikoni akaishika meza kwa mikono miwili, maana maneno aliyotaka kumwambia huyo dereva kuhusu chakula kinachoachwa sahani yalikuwa yamemfika kooni.

Aliyemziba mdomo alikuwa Asekenye, binti yake wa pekee, mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari upande wa Amukura. Jumamosi watu wa Bukhayo walikuwa waje nyumbani Adungosi kumposea kijana wao, Austine Oduori, fundi wa umeme mjini Busia. Ingekuwa habari tamu tupu, kama si mambo ya mwaka uliotangulia. Mwaka huo walikuja wageni wengine, wakakaa kwenye viti hivyo hivyo, na posa ilikuwa ya Ejoku, wakala wa kupitisha mizigo mpakani, kijana wa viatu vya kung'aa. Katikati ya chai Amuron alisimama mbele ya wazee wote, sinia mkononi, akauliza, "Na yule mke wako wa Tororo, leo umemwacha na nani?" Maana Malaba hakuna siri inayovuka mpaka bila kula kwake kwanza. Aliyoyasema baada ya hapo yalisikika mpaka kituo cha bodaboda. Wageni waliondoka na njaa yao, na kuku alikuwa ameshachinjwa.

Asekenye hakulia wala hakugomba. Alimnyamazia mama yake. Tangu siku hiyo ilikuwa salamu, simu fupi baada ya misa, "sawa mama," basi. Amuron, ambaye angeweza kupambana na trela zima la madereva, hakujua apambane vipi na hiyo "sawa mama". Ilimuuma kila Jumapili.

Ndiyo maana Asekenye alipokuja wiki moja kabla ya wageni, akakaa naye barazani, Amuron alifurahi mpaka akasahau kumkemea kwa kukonda. Hewa ilikuwa safi, na Mlima Elgon ulionekana wote, wa buluu, umejilaza kule kaskazini. Okwakol, baba wa nyumba, fundi wa baiskeli, alikuwa chini ya ngazi akinyoosha spoku za gurudumu.

"Mama, nakuomba kitu kimoja," alisema Asekenye. "Jumamosi usiseme."

"Nisiseme nini?"

"Usiseme tu."

"Hata karibu?"

"Karibu ni sawa. Lakini wewe ukianza na karibu unamalizia na mke wa Tororo."

Okwakol alikohoa, na kikohozi hicho kilifanana sana na kicheko. "Mwalimu," akasema, "si ulituambia ule mlima ulikuwa wa moto? Eti ulilipuka mpaka ukaisha?"

"Ulizimika zamani, baba. Milima hiyo si sawa. Kuna mwingine lava yake ni nyepesi, inatiririka polepole kila mara. Watu wanaiona ikija, wanahamisha mbuzi, inapita. Na kuna mwingine lava yake ni nzito, inaganda mdomoni, inaziba. Huo unakaa kimya miaka, watu wanajenga, wanalima, halafu siku moja unapasuka na kuruka na kichwa chake."

"Ahaa. Na mama yako ni upi hapo?"

"Baba!"

"Nauliza tu. Naona umekuja na kizibo."

Amuron alimwambia aende na gurudumu lake huko. Alitaka kuendelea, maana ya Okwakol na magurudumu yalikuwa mengi, lakini akayaona macho ya binti yake. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa yamechoka.

"Huyu nampenda, mama," Asekenye alisema kwa sauti ndogo. "Hii ikiharibika, sitaleta mtu mwingine hapa nyumbani. Nakuambia ukweli."

Amuron alitafuta neno akalikosa. Loo, Amuron kukosa neno! "Sitasema," akajibu mwishowe. Na tangu hapo akaanza kufanya mazoezi ya kunyamaza, ndiyo hayo yaliyomharibia dereva wa Kampala hamu ya kula.

Jumamosi wageni walifika kwa magari mawili ya probox. Mbele alitangulia Nabwire, shangazi wa Austine, ambaye kwao humwita senge, na senge katika mambo ya posa ana sauti kuliko wengine. Alikuwa muuza mitumba, mnene, mchangamfu, na kitambaa kichwani cha rangi ya kugombana na jua. Nyuma yake alifuata Mathews, mjomba wa kijana, mtu wa suti na wa kuangalia saa. Austine alikuja mwisho, kachomekea shati kama mtoto wa komunyo ya kwanza.

Mitungi miwili ya ajono, pombe ya wimbi, ilikuwa tayari. Mmoja uliwekwa chini ya hema kwa wanaume, mwingine barazani kwa wanawake, na mirija mirefu imesimama ndani. Austine aliwekwa mbali kabisa na soda yake, maana mkwe wa kiume na mama mkwe hawanywi mtungi mmoja hata dunia igeuke. Mtungi una adabu zake. Mrija unashikwa kwa mkono wa kulia. Huchungulii ndani. Na kamwe hupulizi mapovu, maana kupuliza mapovu ndani ya mtungi wa watu ni kama kuwatemea mate mezani.

"Karibuni," alisema Amuron. Akafunga mdomo, akamwangalia binti yake kama mtoto aliyemaliza hesabu. Asekenye akamtolea tabasamu.

Nabwire akaketi, akavuta mrija, akameza, akatazama juu.

"Ajono hii ni nzuri," akasema. "Kwetu tunawapa wagonjwa."

Amuron akatabasamu. Meno yalionekana, macho hayakuwemo.

"Na nyumba mmejenga vizuri. Hii sakafu kuteremka hivi, ni ili maji yatoke au fundi alikuwa ametoka kwenye mtungi?"

Amuron akatabasamu tena. Ile sakafu Okwakol aliipiga mwenyewe, na yeye Amuron ameshaisema miaka yote ya ndoa. Lakini kuisema ni haki ya mwenye nyumba, jamani!

Zikaja chapati. Nabwire akala, akaguguna, akachukua nyingine. "Ngumu kidogo," akasema huku akijaza mdomo. "Lakini meno yangu ni yangu mwenyewe, sijambo." Akachukua nyingine tena. Amuron alihisi joto likipanda tumboni, likapita kifuani, likakaa hapo shingoni penye maneno yote ya wiki nzima. Alijikaza. Alihesabu mabati. Alimwomba Mama Maria, kisha akamwomba na Mtakatifu Yosefu, ambaye hakuna mahali imeandikwa alisema kitu.

Okwakol alipita akijifanya anatafuta kiti. Akamwinamia sikioni. "Mama Asekenye, nihamishe mbuzi?"

Hata yeye hakujibiwa, na hapo Okwakol alianza kuogopa kweli.

Ajono inatengenezwa hivyo kwamba ikipungua unaongeza maji ya moto. Amuron aliinua birika akaanza kumimina, macho yakiwa kwa Nabwire, aliyekuwa sasa anasema bibi harusi ni mwembamba, labda hapa nyumbani wanakula kwa zamu. Amuron alimimina. Alimimina huku akitabasamu. Mtungi ukajaa, povu la wimbi likapanda, likafika ukingoni, likafurika, likashuka polepole kwenye sakafu inayoteremka, rangi ya udongo, likitoa mvuke, mpaka akina mama wote wakainua miguu. Hakusema hata "pole". Aliweka birika chini, akakaa.

Chini ya hema watu walikuwa wameona. Mathews alisimama akafunga kifungo cha suti.

"Mzee Okwakol," alisema, "sisi ni watu wa kuelewa. Tangu tufike, mama wa nyumba ametuambia neno moja. Tumesifu, tumecheka, ametukaushia. Sasa anatumwagia maji ya moto miguuni. Kwetu mama akinyamaza hivi, mgeni anatafuta viatu vyake. Kama binti mmempa mtu mwingine, semeni tu."

Asekenye alisimama mlangoni na sinia, damu imemwisha usoni. Alimwangalia mama yake, akafungua macho, akatingisha kidevu: sema, mama, sema! Amuron naye akaelewa anaambiwa ajikaze zaidi. Akabana midomo mpaka ikapotea. Asekenye akatingisha tena kwa nguvu. Amuron akabana na macho.

Wazee wa ukoo wakaanza kunong'ona. Austine aliiweka soda yake chini ya kiti. Mambo yalikuwa yanakufa hivi hivi, bila mtu kutukanwa, kwa adabu tupu.

Hapo ndipo Nabwire alipoushika mrija wake, akamwangalia Amuron jicho kwa jicho, akainama, akapuliza. Alipuliza kweli kweli, kwa mashavu yote. Mtungi ukachemka mapovu, glo-glo-glo, nyumba nzima ikasikia.

Amuron alisimama.

"Ebo! Mama! Chungu cha watu hicho, au ni beseni la kuogeshea mtoto? Nani alikufundisha kunywa, bata? Tangu umekaa hapo ni ajono ya wagonjwa, sakafu imelewa, chapati ngumu. Ngumu, na umekula mpaka sahani inaomba msamaha! Sakafu inateremka? Shika kiti vizuri basi, usije ukabiringika mpaka Bukhayo! Na huyo mwembamba unayemcheka, huyo nimemlea na moshi wa jiko machoni. Anafundisha watoto wa watu dunia ilivyoumbwa, na hajawahi kulala njaa kwangu hata siku moja! Hata siku moja, unanisikia? Mwembamba ni mwili, moyo wake huuwezi kuubeba kwa mzigo wako wa mitumba! Kama hamumtaki semeni, kama mnamtaka, mtungi muuheshimu! Wewe na suti, kaa chini, nani amekupa ruhusa ya kusimama na hujala? Angalia sasa, ajono yote imeharibika. Ngoja nikuletee nyingine. Na huo mchuzi umepoa, leta sahani hapa, unakula mchuzi baridi wewe ni nyoka?"

Alikuwa ameshampokonya sahani ndipo akasikia ukimya. Kuku wenyewe walikuwa wamesimama. Mathews alikuwa amekaa, hata hakujua amekaa saa ngapi. Amuron aliutafuta uso wa binti yake, akaukuta umefunikwa kwa viganja, na moyo wake ukaanguka. Basi. Ameharibu tena.

Kisha Nabwire akaangua kicheko. Alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani, akapiga makofi, akapiga na kigelegele peke yake.

"Sasa ndiyo nimefika kwa Volkano!" alisema akijifuta machozi. "Nilikuwa nadhani tumepotea njia. Mkwe wangu, hunikumbuki? Ile mvua kubwa, pale Malaba, nikashushwa mlangoni kwako pamoja na belo la nguo. Ukanifokea: hii ni hoteli au ni stoo ya marehemu wa Ulaya? Belo ukaliburuta ndani mwenyewe, ukanipa uji, ukanifokea kwa kutetemeka. Nikasema, huyu mama ni wa namna gani? Kijana wetu aliposema binti wa Adungosi, mama yake ana hoteli Malaba, nikawaambia twende, hata kwa miguu twende. Nafika hapa nakuta sanamu! Nimekuchokoza mpaka nimeishiwa matusi, nikaona nipige mapovu, Mungu anisamehe."

"Sasa ulikuwa unataka nini?" Amuron aliuliza, sahani bado mkononi.

"Kukujua. Kaka yangu alioa kwa watu wapole, mama mkwe hata kikohozi hana. Alinyamaza, alinyamaza, sisi tunasema tumepata malaika. Siku moja akaja na lori akamchukua binti, akachukua na mabati. Mpaka leo hatujaambiwa kosa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, mama. Mimi mtu nisiyemjua hasira yake, simpelekei mtoto."

Mathews alikohoa, akafungua kifungo cha suti, akaomba chapati.

Jikoni Amuron aliurudisha mchuzi motoni. Asekenye aliingia nyuma yake akafunga mlango.

"Nilijikaza," alisema Amuron upesi. "Asekenye, nilijikaza, ni yale mapovu. Nilikuwa nimefika mbali."

"Mama, nyamaza kidogo. Sasa ndiyo nakuomba unyamaze." Binti alikuwa ameegemea mlango. "Yule mke wa Tororo. Nilikuwa namjua."

"Nani alikuambia?"

"Nilimjua kabla yako. Hata jina lake. Nilikuwa nimeamua kunyamaza nione kama mambo yatajipanga yenyewe. Halafu wewe ukasema mbele ya watu. Sikukukasirikia kwamba ulisema uongo, mama. Nilikukasirikia kwa sababu ulifunua sufuria niliyokuwa nimekalia mimi."

Amuron alitazama moto. Mwaka mzima amelala akijilaumu, mwaka mzima amemeza "sawa mama" kila Jumapili, kumbe mlima uliozibwa haukuwa yeye. Alimhurumia mtoto wake mpaka machozi yakamtoka, na hakusingizia moshi.

"Ungenyamaza mpaka lini?"

"Sijui. Mpaka nipasuke." Asekenye alijifuta pua kwa mkono kama alivyofanya utotoni. "Unajua, mahali lava imepita, kwanza hapaoti kitu. Panakaa peusi tu. Lakini baadaye udongo wake—"

"Mwalimu," alisema Amuron, "niambie tu kama nimesamehewa."

Asekenye alicheka. Kicheko hicho Amuron hakuwa amekisikia kwa muda mrefu, akasimama tu kukisikiliza.

"Na huyu wa umeme?" akauliza baadaye. "Hana mtu pahali?"

"Hana. Nilimwuliza siku ya kwanza."

"Ulimwuliza vipi?"

"Vile ungeuliza wewe. Alimwaga chai."

Asekenye akachukua mchuzi wa moto akatoka. Amuron alikuwa bado anajifuta macho kwa leso aliposikia sauti huko nje, kali, ya juu, ya kujulikana kabisa:

"Austine! Hilo turubai limeanikwa wimbi la mama, na wewe umelikanyaga na viatu vyote! Huna macho? Umeme wa watu unaunganisha hivyo hivyo ukiangalia mbingu? Toka hapo! Na mbona hujala? Njoo ukae, njoo, chukua hii ya moto."

Amuron alifika mlangoni mdomo wazi. Alikuwa na mengi kuhusu wimbi lile, lililochukua siku kukauka. Akamwona kijana ameshika viatu mkononi, anacheka, anamtazama Asekenye kama mtu aliyefika nyumbani. Akaufunga mdomo wake mwenyewe, na safari hii haukumuuma hata kidogo.

Okwakol naye alikuwa amesogea kando ya kijana.

"Karibu, mwanangu," alimwambia. "Mimi nimeishi kwenye mteremko huu tangu ujana na sijaungua. Sauti isikutishe. Lakini siku ukirudi nyumbani ukute kimya, usiingie na viatu. Kaa chini umwulize mpaka aseme."

"Na nimekusikia, mzee!" alipaza sauti Amuron kutoka mlangoni. "Leta hilo birika hapa, wageni wana kiu!"